Gawaneni Ugomvi, Msigawane Miungu

Msikilizaji, leo nimekuja kumtetea Hades.

Nimeona nimtetee kwa sababu kila mwaka, katika shule nyingi za sekondari za Marekani, kijana wa darasa la tisa husimama mbele ya wenzake, akabonyeza slaidi nyeusi yenye ndimi za moto, akasema: huyu ni Hades, mungu wa kuzimu, ndugu yake Zeus, mbaya wa hadithi. Makofi. Mwalimu anaandika alama, anaitwa anayefuata. Poseidon: bahari, mkuki wa meno matatu. Athena: hekima, bundi. Aphrodite: mapenzi, njiwa. Kipindi hakijafika nusu, miungu kumi na miwili imeshapita kama abiria wanaoonyesha vitambulisho kizuizini, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa anatoka wapi wala anakwenda kwa nani.

Kazi yenyewe ni ya kawaida. Mradi wa kikundi, wahusika wa visasili vya Kigiriki. Darasa la tisa huko ndiko vijana wengi wanakokutana na Odisei ya Homer, na kabla ya kuifungua, mwalimu hutaka wajue nani ni nani. Basi wanakaa wanne wanne, watano watano, wanagawana majina. Wasikilizaji wetu mnaolea watoto huko mnaijua hali hiyo: meza ya chakula imejaa kadibodi na gundi, na saa tano usiku simu ya mtoto inalia, mwenzake anauliza slaidi za Hermes ziko kwa nani.

Nia ni njema. Kinachonikera mimi ni huko kugawana. Ukimpa kila mtoto mungu wake, umekivunja kikundi kabla hakijaanza kazi. Kila mmoja anakwenda zake, anaandika ukurasa wake, na usiku wa mwisho wanaunganisha vipande. Anayejituma anabeba, anayetegea anategea. Hakuna anayelazimika kumsikiliza mwenzake, maana mwenye Poseidon hana shida na mwenye Athena. Kumbe hao wawili walishindania mji mzima! Poseidon aliupiga mwamba kwa mkuki wake maji ya chumvi yakabubujika, Athena akaotesha mzeituni, na mji ukaitwa kwa jina la aliyeshinda. Hilo halikai kwenye kitambulisho. Na siku hizi vitambulisho havina thamani tena, kwa kuwa akili mnemba itakutolea kumi na viwili kabla chai haijapoa, na mwalimu asijue nani kaandika nini.

Turudi kwa mteja wangu. Katika Iliadi ya Homer, kitabu cha kumi na tano, Zeus anamtuma mjumbe kumwamuru Poseidon aondoke kwenye vita vya Troy. Poseidon anawaka. Anasema sisi ni ndugu watatu, tulipiga kura ya bahati: mimi nikaangukiwa na bahari, Hades giza la chini, Zeus mbingu, na ardhi pamoja na mlima Olympus zikabaki mali yetu sote, sasa ananiamuru kama nani? Maneno ya urithi hayo, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kugawa shamba la marehemu anayajua. Kwa hiyo Hades hakutupwa kuzimu kwa ubaya wake. Alipata fungu ambalo hakuna aliyelitaka, akakaa nalo. Hamshawishi mtu atende dhambi, hawindi roho za watu, wala si yeye anayeua. Mauti mwenyewe Wagiriki walimpa jina jingine, Thanatos. Hades ni mtunza nyumba. Wanaingia, anafunga mlango.

Ubaya kaupata wapi? Kwa sehemu ni sisi tuliozoea kwamba chini kuna shetani, tukamvisha joho lisilo lake. Kwa sehemu ni Disney. Katuni yao ya Hercules, iliyotoka mwaka 1997, ilimpa Hades nywele za moto wa buluu na mdomo wa dalali, ikamfanya adui mkuu wa shujaa. Katika hadithi za kale anayemwandama Hercules tangu akiwa mchanga ni Hera, mke wa Zeus, kwa sababu mtoto huyo Zeus alimpata nje, kwa mwanamke aliyeitwa Alcmene. Katuni ya watoto ingelisemaje hilo? Basi Hera akafanywa mama mpole, na lawama akatwishwa asiyekuwepo.

Ila wakili mwema haifichi mahakama. Kuna kesi moja ambayo mteja wangu hana pa kutokea nayo, na hapo ndipo ningependa kikundi kizima kikae.

Upo utenzi wa kale wa Kigiriki wa kumsifu Demeter, mungu wa nafaka. Unasimulia hivi. Persephone, binti wa Demeter, yuko kondeni anachuma maua na wenzake. Anaona ua moja la ajabu, anainama kulichuma, ardhi inapasuka, Hades anatoka na gari la dhahabu, anambeba msichana akipiga kelele. Vijana wengi wanafika hapo, wanaandika "Hades alimteka Persephone", wanafunga daftari. Wangesoma mistari michache tu wangeona kwamba lile ua lilikuwa chambo, na liliota kwa mapenzi ya Zeus. Zeus ndiye baba wa msichana. Baba ameshakubaliana na ndugu yake, bila kumwambia mama wala binti.

Demeter anazunguka dunia siku tisa, mienge mkononi, hali wala hanywi. Mungu mwingine, Hecate, amesikia kelele, hakuona mtu. Aliyeona ni Helios, Jua, na anapoulizwa anasema yote, kisha anaongeza jambo ambalo kila ninapolisoma nacheka kwa uchungu. Anamwambia mama apunguze kilio, kwa kuwa huyo mkwe si mtu wa hivi hivi, ni ndugu yako wa tumbo moja, na ana ufalme wake. Msikilizaji, hujawahi kumsikia mjomba akisema hivyo?

Demeter hakupunguza. Alijigeuza kikongwe, akaenda kukaa mji wa Eleusis, akawa yaya wa mtoto wa watu, na mwishowe akazuia mbegu zisiote. Ng'ombe wanalima, shayiri haichomozi. Watu wakakaribia kwisha, na miungu nayo ikaanza kukosa sadaka. Hapo ndipo Zeus alipoona kwamba kuna tatizo. Hakuliona siku tisa mama alipokuwa akilia, aliliona meza ilipokuwa tupu. Hermes, mjumbe wa miungu, akatumwa kuzimu kumrudisha msichana, Hades akatabasamu, akakubali, ila kwa siri akamlisha punje ya komamanga. Aliyekula chakula cha huko hawezi kuondoka moja kwa moja. Wakaafikiana: theluthi ya mwaka chini kwa mume, theluthi mbili juu kwa mama.

Sasa wape kikundi cha watano hadithi hii. Usiwape miungu watano, wape kikao cha ukoo. Mmoja ni mama, mmoja ni baba, mmoja ni bwana harusi, mmoja ni Helios shahidi, na mmoja ni Persephone. Kila mmoja aeleze alijua nini, lini, na kwa nini alinyamaza. Kutegea hapo hakuna, maana Zeus asipojiandaa, Demeter atamtoa jasho mbele ya darasa. Na aliyepewa Persephone atagundua jambo zito kuliko yote, kwamba katika mambo yote hayo hakuna aliyemuuliza yeye. Lakini pia ndiye anayehadithia mwishoni. Anaporudi, anamsimulia mama yake kila kitu kwa kinywa chake, na anasisitiza kwamba ile punje alilishwa kwa nguvu. Msimuliaji wa utenzi, mistari ya nyuma, hakulitaja neno nguvu. Tumwamini nani? Kijana wa miaka 14 akiliona pengo hilo mwenyewe, mradi umeshalipa.

Halafu kuna hesabu ya punje. Waulize wanafunzi alikula ngapi, wengi watakwambia sita, miezi sita ya baridi. Utenzi unataja punje moja. Ovid, mshairi wa Roma aliyeandika karne nyingi baadaye, anataja saba, na yeye ndiye anayeugawa mwaka nusu kwa nusu. Mtoto anayeleta jibu la sita hakudanganya, amekuta limeandikwa mahali. Shida ni kwamba hakuambiwa kuwa hadithi hizi hazina nakala kuu moja iliyofungiwa kabatini. Sisi wa pwani hatupaswi kulishangaa hilo: shujaa wetu Fumo Liyongo wapo wanaomweka karne hii na wanaomweka karne ile, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba hadithi imeharibika.

Ovid huyu ana kesi nyingine, ya Medusa. Mitandaoni vijana wa leo wanampenda sana Medusa, na wanayo sababu. Hadithi wanayoijua ni ya msichana mrembo aliyedhulumiwa na mungu wa bahari ndani ya hekalu la Athena, kisha Athena akamwadhibu yeye aliyedhulumiwa, nywele zake zikawa nyoka. Wanaiandika chini ya kichwa "Visasili vya Kigiriki". Hadithi hiyo inatoka katika kitabu cha nne cha Metamorphoses, shairi refu la Ovid lililokamilika karibu mwaka 8 baada ya Kristo, kwa Kilatini. Hesiod, Mgiriki aliyetangulia miaka kama 700 kabla yake, anamtaja Medusa kama mmoja wa Gorgon watatu, mabinti wa wazazi wa baharini, yeye peke yake akiwa wa kufa. Poseidon analala naye kwenye majani laini kati ya maua. Hakuna hekalu, hakuna laana. Na wachongaji wa zamani hizo walimchonga akiwa na uso mpana, meno kama ya ngiri na ulimi umetoka nje, kama alivyo kwenye hekalu la Artemis katika kisiwa cha Corfu, kazi ya karne ya sita kabla ya Kristo.

Je, nawaambia vijana waache Medusa wao? Hata kidogo. Ovid alikuwa na haki ya kuisimulia upya, nao wanayo. Ninachotaka ni waseme: huyu ni Medusa wa Ovid, huyu ni wa Hesiod, na huyu wa tatu ni wetu. Hapo kikundi cha watatu kimeshapata kazi, na kila mmoja atalazimika kusoma ya mwenzake ili ajue ya kwake inatofautiana wapi.

Msaada upo, tena umekaa kwenye rafu za shule hizo miaka mingi. Edith Hamilton, aliyekuwa mkuu wa shule ya wasichana Baltimore, alichapisha mwaka 1942 kitabu kiitwacho Mythology, na vizazi vya wanafunzi wa Marekani vimekisoma. Alipokaribia miaka 90, mwaka 1957, mji wa Athens ulimpa uraia wa heshima. Katika kitabu hicho, kabla ya hadithi nyingi ameweka maelezo mafupi kwa herufi za mlazo, akisema hii nimeitoa kwa nani na kwa nini nimemwacha fulani. Ndiyo sehemu ambayo wanafunzi huiruka. Mimi ningekuwa mwalimu, ningeanza na mlazo huo, hadithi baadaye.

Nisionekane nadharau vitabu vya sasa. Rick Riordan, mwalimu wa zamani kutoka San Antonio, Texas, alianza kwa kumsimulia mwanawe visasili hivi wakati wa kulala, na mwaka 2005 akatoa kitabu cha kwanza cha Percy Jackson. Watoto wengi wanaoingia darasa la tisa wakijua Hermes ni nani wamejifunza kwake. Kuna walimu wanaokunja uso wakisikia jina hilo, nami sielewi kwa nini. Mtoto aliyekuja na njaa hatumfukuzi kwa sababu alishaonja kwingine.

Hapa naomba kugeukia wazazi. Katika familia zetu zinazozungumza Kiswahili huko Marekani, za kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, mradi huu ukiingia nyumbani huzua swali: shule inamfundisha mwanangu miungu ya uongo? Mzazi anayeuliza hivyo nampa heshima yake, si mshamba. Kwa aliye Mkristo namwomba afungue Matendo ya Mitume, sura ya kumi na nne. Paulo na Barnaba wako Listra, mtu aliyezaliwa kiwete ametembea, na umati unashangilia kwamba miungu imeshuka kwa sura ya binadamu. Barnaba wakamwita Zeu, Paulo wakamwita Herme kwa kuwa ndiye msemaji. Kuhani wa Zeu akaleta ng'ombe na mashada, mitume wakararua mavazi yao kwa uchungu. Kwa nini watu wa Listra walikimbilia wazo hilo upesi namna ile? Ovid, tena Ovid, anayo hadithi ya eneo jirani la Frigia: Zeus na Hermes walipita nyumba kwa nyumba wakijifanya wasafiri, milango ikafungwa, wazee wawili maskini tu ndio waliowakaribisha, na majirani wote wakagharikishwa. Wasomi wamekuwa wakizisoma hadithi hizo mbili pamoja, na ukizisoma hivyo unaelewa kwamba watu wa Listra huenda walikuwa na hofu ya kurudia kosa la majirani. Mtoto anayejua Hermes ni nani ataisoma sura hiyo vizuri kuliko baba yake.

Na kwa mtoto wetu anayekaa mwisho wa darasa akiona mambo haya ni ya wenyewe, hayamhusu, lipo jina moja: Memnon. Mfalme wa Waethiopia, mwana wa Eos, Alfajiri, aliyekuja Troy na jeshi lake kuwasaidia waliozingirwa. Wagiriki waliposema Ethiopia mara nyingi walikuwa na maana ya nchi za watu weusi kusini mwa Misri, si mipaka ya leo. Memnon alimuua Antilochus, mwana wa mzee Nestor, kisha akauawa na Achilles, shujaa wa Wagiriki, na mama yake akamwombea kwa Zeus uzima wa milele. Utenzi uliomhusu ulipotea, tumebakiwa na muhtasari tu, na kwa sababu hiyo hatokei kwenye orodha za kugawana. Waethiopia hao hao ndio wenyeji ambao miungu ilipenda kwenda kula kwao. Iliadi inapoanza, Achilles anataka shida yake ifike kwa Zeus, na mama yake anamjibu asubiri: Zeus na wenzake wote wamekwenda karamuni Ethiopia, watarudi siku ya kumi na mbili.

Nimalizie na mradi ambao ningeutoa mimi kama ningepewa darasa. Electra. Baba yake, Agamemnon, amerudi kutoka vita hivyo vya Troy na kuuawa na mkewe Clytemnestra. Miaka inapita, kaka yake Orestes anarudi kwa siri kulipiza kisasi, na ili alipize lazima amuue mama yake. Kisa hicho kimoja waandishi watatu wa tamthilia wa Athens walikiandikia, na tamthilia zote tatu tunazo. Aeschylus, mwaka 458 kabla ya Kristo: Electra anakuta shungi la nywele na nyayo kaburini kwa baba yake, anazilinganisha na zake, anaamini kaka amefika. Euripides anaicheka tamthilia hiyo waziwazi. Electra wake ameozwa kwa mkulima maskini, na mzee anapomletea hoja ya nywele na nyayo anamjibu kwamba nywele za mwanamume wa viwanja vya mieleka zitafananaje na za msichana anayechana, na mguu utaachaje alama kwenye mawe? Sophocles anakwenda njia yake: Orestes anamkabidhi dada yake chombo, anamwambia ndani mna majivu ya kaka yako, na dada analia hadi mwongo mwenyewe anashindwa kuendelea na uongo.

Wanafunzi watatu, Electra watatu. Wa nne awe hakimu, kwa kuwa Aeschylus anaendeleza kisa hadi mahakamani, kwenye kilima cha Areopago mjini Athens, kilima kile kile ambapo Matendo ya Mitume inamsimamisha Paulo. Waendesha mashtaka ni Erinyes, miungu wakali wa kisasi cha damu. Mtetezi ni mungu Apollo, na hoja yake ni kwamba mama si mzazi hasa, mzazi ni baba, mama ni mtunza mbegu tu. Kura zinalingana, Athena ameitoa yake kwa Orestes, na Orestes anaachiwa. Sababu ya Athena ni kwamba yeye hakuzaliwa na mama, alitoka kichwani mwa baba yake, basi yuko upande wa baba.

Darasa lipige kura kabla ya kuambiwa matokeo, na wasichana waachiwe nafasi ya kumjibu Apollo. Mimi kura yangu ingemtia Orestes hatiani, na Athena ningemwomba ajitoe kwenye kesi kwa kuwa ana upendeleo alioutangaza kwa mdomo wake. Mwenye rai tofauti atutumie ujumbe, nitausoma hewani wiki ijayo.